Siku Bibi Alipoisiliba Nyumba ya Mawe

Enzi zetu sementi ilikuwa na heshima yake. Miaka ile ya tisini, ruksa ya biashara huria ilipokwisha kuzoeleka na maduka ya Mwanza yakajaa vitu, mtu hakuhesabiwa kuwa amefika mpaka ukuta wake upigwe plasta. Jirani akishusha mifuko michache tu, watoto tulikwenda kuitazama kama tunavyokwenda kumchungulia bibi harusi.

Sisi hatukuwa na plasta. Tulikuwa na mawe. Nyumba ya Bibi ilikuwa ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Ukishavuka unashika njia ya Sengerema, kisha unakata kuelekea ziwani. Ilijengwa na mzungu mmoja mkulima wa pamba, na babu yangu, akiwa kijana, alikuwa mmoja wa waliopasua mawe yake. Hawakuwa na baruti. Waliwasha moto wa magogo juu ya mwamba kutwa nzima, kisha wakaumwagia maji ya ziwa kwa mpigo. Paa! Mwamba unajigawa wenyewe. Mzungu alipoondoka, nyumba ikabaki mikononi mwa babu.

Jamani, ile nyumba! Ukuta ulikuwa mnene hivi kwamba mimi na binamu yangu Doto tulikaa wawili ndani ya dirisha moja, tukala viazi vitamu na maziwa mgando bila kusukumana. Kwenye kona, mawe marefu yalilazwa moja huku moja kule, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Juu ya mlango yalijipinda upinde, la katikati limechongwa kama jino. Ndani, boriti za mvule, nyeusi kwa moshi. Nilikuwa nalala chali nazitazama, najiambia nikikua nitajenga kama hii, ila yangu iwe na ngazi mpaka mawinguni.

"Limi," Doto ananicheka, "ngazi yote hiyo utaifagia wewe?"

Ukutani palikuwa na kibao cha serikali kilichosema nyumba ni kumbukumbu, inalindwa kwa sheria. Sisi tulichoelewa ni kimoja tu: ukikibandua utafungwa.

Kila kiangazi, pamba ikishavunwa, Bibi alituita kuziba maungio ya mawe. Udongo wa kichuguu, majivu na kinyesi cha ng'ombe vinakandwa mpaka vilainike kama ugali wa muhogo. Kisha kila mtu na kidole gumba chake, unausukuma katikati ya mawe mpaka ugome kuingia. Ukifanya uvivu, Bibi anajua kwa kugonga tu. "Hapa umemdanganya nani, mimi au nyumba?"

Basi mwaka mmoja mwenyekiti wa kijiji akaleta barua. Mtaalamu wa mambo ya kale anakuja kukagua, na akikuta nyumba haitunzwi, waliomo watahamishwa. Bibi alinisomesha barua ile mara tatu, kisha akashika shavu. Mle ndimo alimozalia watoto wake wote. Ahamie wapi?

Baba mdogo Masanja, aliyekuwa akikata minofu ya sangara mjini na kujenga kwake Kiseke, akaja kumtuliza. "Mama, tatizo ni haya mawe. Mgeni atadhani ni gofu. Naleta sementi, tunapiga plasta nyumba nzima." Bibi akafurahi. Sote tukafurahi. Shuleni nilianza kutembea kama mtoto wa mkubwa fulani.

Siku ikakaribia, sementi haionekani. Lori limekwama kwenye foleni ya kivuko Kigongo, siku ya pili sasa. Na kwetu mgeni wa heshima hakuti ukuta haujasilibwa. Bibi akaita wanawake wa jirani, wakaisiliba nyumba kwa udongo upande wa nje, juu mpaka chini, halikubaki jiwe linachungulia. Wakamalizia kwa udongo mweupe na mistari ya vidole. Ilipendeza, nasema kweli.

Asubuhi yake akafika dada mmoja mwenye suruali na buti, begi mgongoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nimekuja kukagua nyumba ya mawe. Nimeambiwa iko hapa hapa."

"Si hiyo umeiegemea," Bibi akasema kwa majivuno.

Dada akageuka, akatazama juu, akatazama chini. Mkono ukaenda mdomoni. "Bibi! Mmeipaka sementi?"

Hapo hapo lori likaingia uwanjani, baba mdogo amesimama juu ya mifuko anapunga mkono. "Sementi ndiyo hii inafika, dada! Huo ni udongo tu, usijali!"

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahishwa na foleni ya Kigongo kama yule dada. Akavuta pumzi, akatueleza kwamba sheria inalinda mawe yenyewe na jinsi yalivyopangwa. Sementi ikishashika haitoki ila na uso wa jiwe. "Ningekuta plasta," akasema, "ningeandika nyumba haipo tena."

Bibi akakaza khanga kiunoni. "Limi, Doto, ndoo!"

Tulikimbia ziwani na kurudi, ndoo kichwani. Wanawake waliosiliba jana wakasugua leo, wakicheka na kulaumiana. "Mistari yangu mizuri hiyo!" mmoja analalamika. "Na wewe ndiye uliyesema tuongeze tabaka la pili!" mwingine anamjibu. Jiwe moja likatoka, likang'aa, kisha la pili, kisha upinde wote wa mlango. Mtaalamu akatoa kisu kidogo, akachokoa maungio. Hayakuchokoleka. Akahamia kona nyingine. Vilevile.

"Haya nani anayaziba?"

"Mimi na hawa," Bibi akasema kwa sauti ndogo. "Kila kiangazi. Kama ni kosa tutaacha."

"Msiache!" Dada alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Bibi, nyumba nyingine za namna hii nimezikuta zimelala chini. Nikikuhamisha wewe, hii nani ataishika?"

Akaandika palepale, akanipa daftari nisome kwa sauti: wakazi wabaki. Bibi akapiga kigelegele, jogoo akachinjwa. Baba mdogo akabaki na sementi yake. Akatujengea choo ambacho wageni walikisifu kuliko nyumba.

Bibi aliishi mle mpaka alipotutoka, kitandani mwake, kwa amani, na nyumba akaniachia mimi. Siku hizi vijana wanakuja na simu, wanajipiga picha mlangoni, wananiuliza kama ni hoteli. Enzi zetu ukiita watu kusugua ukuta wanakuja na ndoo zao. Leo naita kiangazi kizima, naambiwa "tutaona, dada". Naumia kidogo, sikatai.

Lakini juzi binti mmoja wa chuo, akiwa katikati ya picha zake, aliegemea ukuta jua la saa saba akashtuka. "Dada, mbona wa baridi hivi? Mmeweka nini ndani?" Nikamweleza habari ya mawe na udongo tunaousukuma kwa kidole gumba. Akauliza kama anaweza kujaribu. Nikatazama kucha zake za bandia, ndefu kama vijiko. "Hizo hazitaingia kwenye maungio," nikamwambia. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi nikasikia hodi kabla chai haijachemka. Amekuja na wenzake wawili, na kucha amezibandua zote.