Kadi yangu ya gemu ilivyochuja sauti ya marehemu kwenye kelele za jenereta

Wakuu, salamu kutoka Kamina, Haut-Lomami. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nina salle, yaani ukumbi wa gemu, karibu na soko. Wateja wengi ni familia za wanajeshi wa base, kambi ya jeshi ya hapa.

Juzi nilitafuta GPU mpya, ile kadi ya gemu ya kompyuta, nikakosa. Muuzaji wangu wa Lubumbashi akasema watengenezaji sasa wanawaza AI na mahesabu mazito, sisi wa gemu tunaokota yanayobaki.

Niliumia, wakuu. Sisi ndio tuliowalea hawa watu!

Basi asubuhi moja akaingia Mama Solange (Solange ni jina lake mwenyewe), muuza beignets, maandazi, pale base. Mume wake alikufa vitani huko mashariki kabla mtoto hajazaliwa.

"Papa, alinitumaka hii audio. Anasema jina ya mutoto, lakini minyi nasikia tu groupe."

Groupe ni jenereta. Nikasikiliza: "Kama ni mwana mwanamuke..." halafu ngurumo tupu.

Ubatizo ulikuwa Jumapili, na ndugu za marehemu walishachagua jina lao.

Nikamwambia mimi najua gemu tu. Hakuondoka. Alikaa, mtoto mgongoni.

Nikampigia yule muuzaji. Akacheka: "Hata kadi yako ya zamani inaweza. Kuchora majani ya uwanja wa mpira kwenye gemu ao kuchuja sauti, kwake yote ni hesabu."

Akanitumia programu. (Haitungi maneno, inatenganisha tu sauti na kelele.)

Kwanza nilijaribu bila kadi, maana ilikuwa inachezesha mechi, kompyuta ikaganda. Nikasimamisha mechi za watu, wakanuna, nikaiachia kadi kazi yote. Feni zikavuma.

Nikabonyeza play.

"Kama ni mwana mwanamuke, umupe jina yako, Solange. Nikirudi, nitaita mara moya, mutaitika bote babili, weye na mwana."

Hata walionuna wakasogea karibu.

"Njo yeye, ni yeye kabisa," mama akasema. "Rudisha tena."

Nilirudisha mpaka nikashindwa, nikamwachia mouse nikatoka nje.

Funzo? Kadi mpya bado sina, na bado nalalamika. Ila siwatukani tena watengenezaji kama zamani. Huenda kwenye hayo mahesabu yao kuna mtu mwingine anasubiri kitu chake.

Jumapili nilikuwepo kanisani. Padri alipouliza jina, aliyejibu ni shemeji yake Mama Solange, yule ndugu ya marehemu aliyebisha kuliko wote kabla hajaisikia audio: "Solange."

Nani mwingine kadi yake ya gemu imeshafanya kazi ambayo hakuitegemea? Karibuni, nawasoma.