Kivuli cha Bisibisi

Fundi wetu amechora ukutani kivuli cha kila kifaa chake, na haruhusu injini iwashwe mpaka kila kivuli kifunikwe na kifaa chenyewe. Mimi, mtafuta vipuri wa kikundi chetu cha kufufua ndege hii kuukuu ya jeshi, iliyokuwa ikibeba maofisa na barua, nilizoea kumtania: "Fundi, unaogopa ukuta?" Yeye huviringisha nati kiganjani, hunijibu taratibu: "Ukuta hausahau, bwana." Siku ya kuirusha, mpwa wake, binti aliyekuwa rubani wetu, alishika usukani mapema, akawasha injini. Fundi akatupa jicho ukutani: kivuli cha bisibisi kitupu. Mtu huyu asiyepaza sauti kamwe akakimbia, akasimama mbele ya pangaboi la ndege. "Zima!" "Mjomba, toka, utakatwa!" "Zima, mama, nakuomba!" Pangaboi likatulia. Fundi akachana kwa kisu kitambaa kilichofunika mkia wa ndege, alichokishona mwenyewe pale alipotumia bisibisi mara ya mwisho, akazamisha mkono hadi begani. Bisibisi ilikuwa imelalia waya wa usukani. Akairudisha kwenye kivuli chake, akakaa chini kutunga uzi ashone upya. Uzi ukapita kando ya sindano, ukapita tena. Nikamnyang'anya nimtungie, nikakosa na mimi.