Mke Mwenza wa Mninga na Shaba

Mume wangu Magige alikuwa mkulima wa pamba kama wenzake, wala hakuzaliwa katika ukoo wa wahunzi. Magobore aliyatengeneza kwa mapenzi tu, kama mwingine anavyopenda bao au pombe. Angekuwa mlevi ningejua la kufanya. Lakini dawa ya mwanamume anayepapasa bomba la maji sikufundishwa na mtu.

Bomba lenyewe, la kuwa mtutu, alilitoa Buhemba, kwenye vyuma chakavu vya mgodi, mwaka uleule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Bunda. Wenzake walikuwa wanahangaika kuezeka. Yeye aliezeka nusu ya nyumba, nusu ya pili akaniachia mawingu, akaketi chini kuchonga kitako cha mninga. Alikichonga mpaka kikawa na kiuno. Nasema kiuno kwa sababu nilikiona, na nakumbuka changu kilivyokuwa kabla sijamzaa Ngolo.

Mtutu ulipokaa mahali pake, ikaja zamu ya mapambo. Akanijia jikoni kwa upole ambao sikuuzoea.

"Mama Ngolo, zile bangili zako za shaba huzivaagi siku hizi."

"Nitazivaaje na jembe mkononi?"

"Basi nipe, nizitafutie kazi."

Bangili hizo nilivishwa na mama yangu siku ya kuolewa. Nilimpa kwa hasira, nikitegemea aone aibu azirudishe. Hakuona aibu. Alizigonga zikawa nyuzi nyembamba, akauzungushia ule mtutu, na vipande vilivyobaki akavipachika kwenye kitako, vikawa kundi la ng'ombe wadogo wenye pembe. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kusema uongo, na uzuri wake ndio ulionichoma. Jioni alilipaka gobore lake samli, mimi na mtoto tukila mlenda usio na mafuta. Jumapili, misa ikiisha, alilifunga kwenye kitenge changu, akaenda na rafiki yake Leodgar mlimani kulenga vibuyu. Alirudi ananuka baruti, anaimba chinichini. Kwangu hakuwahi kuimba.

Nililionea wivu gobore. Wacha watu wacheke. Wivu hauulizi kama mwenzako ana damu au hana.

Kwetu mwanamume haingizi mke wa pili kabla hajamwambia wa kwanza na kumpa mbuzi wa kumpoza. Basi siku moja nikafunga kanga kiunoni, nikaenda kwa mama mkwe wangu, Tereza.

"Mama, mwanao ameoa, na mimi sikuambiwa."

Akaacha kupeta ulezi. "Ameoa wapi?"

"Buhemba."

Alikasirika sana, mpaka nilipomwambia bibi harusi ni nani. Hapo alicheka akashika nguzo ya nyumba. Halafu cheko likakatika, maana marehemu baba mkwe wangu aliwapenda ng'ombe wake kuliko watu, na mama alikuwa amekaa naye miaka mingi. Akamwita Magige.

"Bangili za mwenzake umempa?"

"Nimempa, mama, lakini lile ni gobore."

"Samli umempaka?"

Magige akatazama chini.

"Basi huyo ni mke. Na mke mdogo anatumikiaga shamba la mkubwa kwanza. Kuanzia kesho alinde mihogo ya huyu Wankyo hapa. Mambo ya mlimani yaishe."

Mwanamume hawezi kushindana na mama yake katika mambo ya wake. Kesho yake Magige alikuja shambani kwangu kulinda mihogo isiliwe na nyani, amelipakata gobore mapajani. Nilidhani nimeshinda. Lakini mimi nililima, yeye alikaa kivulini akisugua shaba kwa jivu, mgongo wake upande wangu. Mume nilikuwa nimemleta, macho yake hayakuja naye. Niliumia kuliko alipokuwa mlimani, kwa kuwa sasa nilikuwa naona kwa karibu.

Nikamwambia, "Nifundishe kupiga." Nilitaka tu anitazame, hata kama ni kwa sababu ya kile kidude chake.

Alinifundisha kwa majivuno, kama anayemtambulisha mgeni kwa mkubwa. Baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha goroli, halafu shindilia kwa ufito taratibu, mwisho fataki ya kuiwasha baruti. Nikamwangalia akipiga, nikaona jambo. Fataki ilipolia, alifumba macho. Ilishawahi kumuunguza nyusi, na tangu hapo jicho lake lilikimbia kabla ya risasi. Kumbe gobore alilitengeneza vizuri vile, na kulipiga alikuwa hajui.

Mimi macho yangu yamekulia kwenye moshi wa kuni mbichi. Fataki ikalia mbele yangu, sikupepesa. Goroli ikaingia kwenye kichuguu pale pale nilipotaka. Magige akasema ni bahati ya mgeni.

Saba Saba ikafika. Baada ya hotuba, wanaume wakashindana kulenga kibuyu. Leodgar alikosa. Magige akafumba macho, akakosa pia, ila watu walilisifu gobore lake. Ndipo katibu wa tawi akasema kwa mzaha, "Na kina mama je? Au ujamaa ni wa wanaume peke yao?" Wanawake wakanisukuma mbele. Nikalichukua mkononi mwa mume wangu, nikashindilia, nikalenga. Kibuyu kikapasuka vipande.

Vigelegele vilivyopigwa siwezi kuvieleza. Jenoveva, mwenyekiti wa kina mama, alinibeba mgongoni. Nilipomtafuta Magige kwa macho, nilimwona amesimama pembeni, mdomo ameukaza. Hakuwa anapiga makofi.

Tulirudi nyumbani. Gobore nililibeba mimi, maana hakunyoosha mkono kulipokea. Asubuhi nilimkuta amekaa mlangoni.

"Nimeona mlivyokuwa jana," akasema. "Lilikutulia begani. Kwangu halijawahi kutulia hivyo."

"Ni chuma tu, Baba Ngolo."

"Usiniambie ni chuma. Mimi ndiye niliyelitengeneza." Akaangalia njia ya shambani. "Leo mnaenda wote wawili shambani?"

"Tunaenda."

"Na mimi?"

Huruma ilinijia, lakini furaha ilikuwa imeshatangulia. Nikamsogezea jembe.

Siku ile nilikaa kivulini, gobore mapajani, nikilinda nyani. Magige alilima. Kila alipomaliza tuta aliinua kichwa, akatutazama kwa macho mekundu, ananitazama mikono, ananitazama bega, ananitazama tena. Tangu anioe sikuwahi kutazamwa hivyo. Nikalisogeza gobore karibu zaidi na shavu langu.