Taa za kompyuta ya dada

Leo duka zima la kompyuta hapa Ibra, Omani, limenyamaza kimya, jamani, na aliyelinyamazisha hata hakuwemo dukani.

Ni dada yangu. Anakaa eda, mumewe kafariki mwezi uliopita, kwa hivyo hatoki nyumbani. Nimekwenda mie, simu mkononi, spika wazi.

Hiyo kompyuta ya gemu walikuwa wakiipanga pamoja, mtu na mumewe. Prosesa waliafikiana. Kadi ya grafiki, ile kubwa ya bei mbaya, waliafikiana.

Wakigombania taa tu. Shemegi akitaka ziwake rangi zote. Dada akimwambia, "Tunanunua kompyuta au tunapamba harusi?"

Basi leo tumechagua vizuri mpaka tukafika kwenye feni za ndani, zenye taa. Mwenye duka, mtu mchangamfu, akaziwasha: nyekundu, buluu, zambarau. "Hizi taa zawadi yangu," akasema kwa Kiarabu.

Simu ikamjibu kwa Kiarabu hichohicho, "Usiniwekee taa. Mimi niko eda."

Wallahi, hata wateja nyuma yangu waligeuka. Mwenye duka akazizima. "Mungu amrehemu," akasema, akaanza kuzirudisha kabatini.

Nikajisemea, haya, dada kashinda ule ugomvi wao.

Kumbe hajamaliza. Akaniita kwa Kiswahili:

"Mwambie asizirudishe. Azitie kwenye boksi. Nikitoka eda utanifungia zote. Rangi zote."

Nimo garini, boksi mapajani, sijaweza kuondoka.

Nyinyi mngemjibu nini? Mie nimesema "Haya, dada" tu.