Mabega ya Ermes

Tangu aolewe katika nyumba ile ya mjini Carpi, Italia, Nives alimjua mama mkwe wake kwa mikono kabla ya maneno. Mbunifu yule wa sweta hakusalimia mtu bila kumpapasa bega, na uzi mpya aliunusa kwanza kama mkate wa moto. Jioni mumewe akichora sahani na mwanawe mkubwa, mume wa Nives, akichonga vikaragosi, yeye alifuma. Kila majira ya baridi alimfumia sweta kitinda mimba wake, Ermes, mpiga tarumbeta aliyehamia Australia miaka mingi iliyopita. Jumapili moja Ermes akapiga simu ya video.

“Simama, mwanangu. Geuka nione mabega.”

“Mama jamani, huku joto!”

“Geuka, we mkaidi!”

Akageuka. Yalikuwa mabega mapana ya mtu mzima. Mama akacheka, akamtania kwamba tambi za huko zina hamira. Simu ilipokatika, akaitandaza mapajani sweta ya Ermes aliyokwisha kuimaliza, akaitazama sana, kisha akaanza kuifumua. Mumewe akafuta rangi mikononi, akamkingia viganja ili avizungushie uzi.

“Kumbe bado namfumia mtoto,” alisema mama.