Chumba cha Vibao

Kila muhula ninapofika kwenye somo la kugawa makundi ya utafiti, wanafunzi wangu wa saikolojia huniona nikisita mbele ya ubao. Wanadhani ni uzee. Waache wadhani. Huwa nimerudi Nyamira, kwenye vilima vya upande wa Magwagwa, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, na ninamtafuta dada yangu.

Alinipita mwaka mmoja tu. Tulikuwa darasa moja, kwa sababu mama alichoka kunisikia nikilia kila dada akienda shule, akaamua nami niende. Tulilala kitanda kimoja nyumbani kwa nyanya, kama wasichana wengi wa kwetu, na Jumapili tulichuma chai mstari mmoja. Siri zangu alizijua zote. Zake nami nilizijua, hata zile ambazo angependa nisizijue.

Kisha akaja mtafiti, mwanamke Mzungu mpole, mwenye tabia ya kuinama na kututazama machoni akizungumza, jambo lililotutia haya kupita kiasi. Alitaka kujua kama mtoto anayefundishwa kupanga vibao vya rangi kwa kufuata mfano atamshinda mtoto asiyefundishwa. Mwalimu wetu alitafsiri, halafu tukaokota vikaratasi kutoka kwenye kofia yake. Cha dada kilikuwa na alama nyekundu, maana yake chumba cha vibao. Changu kilikuwa kitupu, maana yake chumba cha hadithi. Nilijaribu kubadilishana na msichana wa jirani, mwalimu akanipokonya.

"Kura ni kura," akasema.

Leo najua hadithi zilikuwa za nini. Sisi tulikuwa kundi la kulinganishia. Tulipewa muda uleule na kuangaliwa vilevile, ili mwishoni tofauti ikionekana, isemwe imeletwa na vibao wala si kitu kingine. Ni mpango safi na ninaufundisha kwa moyo wote. Lakini wakati ule nilichojua ni kwamba mlango umefungwa na dada yuko upande wa pili. Tena wenye alama nyekundu walitakiwa kuahidi kwamba hawatamwambia yeyote yanayofanyika mle ndani.

Dada alikuwa Msabato hasa, akiahidi, ameahidi. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikanuna. Kitandani nilihamia ukutani nikampa mgongo. Hakutoa neno. Hasira zangu, ambazo hata sasa si haba, zilikuwa za mtu anayeogopa kuachwa.

Jioni moja tukichambua maharagwe ya nyanya, dada akapanga machache kwenye uteo: mekundu, meupe, yenye madoa.

"Panga kama haya," akasema.

Nilikuwa bado nimenuna, lakini mchezo ni mchezo. Nikapanga. Akayavuruga, akapanga mengine, magumu zaidi. Nikikosea hakusema kitu, aligonga tu ukingo wa uteo kwa kidole, nami nikarudia. Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni.

"Nyinyi watoto, hayo ni ya kupika au ya kuchezea?" nyanya alifoka kutoka jikoni, nasi tukacheka mpaka tukayamwaga.

Siku ya mtihani, watoto wote tuliingizwa chumba cha vibao, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, mtafiti aliweka mezani vibao vyekundu, vyeupe na vyenye madoa, akanionyesha mfano. Nikaduwaa. Ulikuwa uteo wa nyanya hasa. Nilipanga mbiombio, mfano baada ya mfano, hata akasahau kuandika. Akasema kitu, na mwalimu akanigeukia.

"Nani amekuambia mambo ya chumba hiki?"

Nikikosea jibu, dada ataonekana amevunja ahadi.

"Hakuna, mwalimu. Hatuongei. Tunachambua tu maharagwe."

Mwalimu akaangua kicheko, akatafsiri. Mtafiti hakucheka. Alitazama nje dirishani, ambako dada alikuwa ameketi akijifanya anang'oa nyasi, kisha akapiga mstari polepole juu ya jina langu. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningeniondoa pia.

Tukirudi nyumbani, dada aliuliza jambo moja tu.

"Uliweza?"

"Niliweza."

Akanishika mkono, tukakimbia mteremko wote.

Mvua ndefu zilizofuata zilikuja na malaria. Dada alipozidiwa walimpeleka Kisii hospitalini, mimi nikaachwa kwa nyanya, na sikumwona tena. Nimeishi miaka mingi sana kuliko yeye, na bado zile siku nilizompa mgongo ukutani ndizo ninazozitamani zaidi. Laiti ningerudishiwa moja tu, nigeuke.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba watoto wa nyumba moja wawekwe kundi moja. Mwaka huu mmoja aliuliza kama haitoshi kuwakataza wasiongee. Nilimjibu kwamba haitoshi, nikaugeukia ubao.

Maharagwe nayachambua mwenyewe hadi leo, ingawa wajukuu wananicheka kwamba dukani yapo yaliyosafishwa. Hupanga machache kwenye uteo, mekundu, meupe, yenye madoa. Mara nyingine hukosea makusudi, kisha nikangoja kidole kigonge ukingo.