Kistari Mbele ya Namba

Kompyuta kuukuu ikipulizwa vumbi hutoa harufu yake, ya plastiki iliyopata moto na mchanga mkavu, na mimi nikiisikia tu mate hunijaa mdomoni. Msinicheke. Kwangu hiyo ni harufu ya Lodwar, ya duka la fundi Ekai na mandazi niliyokula nikiwa na miaka kumi na mmoja, siku ambayo mama yangu nusura arudi Kakuma mikono mitupu.

Mama alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kwa miaka mingi alikusanya nyimbo za Kidinka ambazo akina mama walizitunga njiani wakikimbia vita, zikiwemo za bibi yangu, akaziandika moja moja kwenye kompyuta ya kanisa. Kidinka kina herufi zenye mikia na nyingine zenye vitone viwili juu, na programu moja tu ya zamani ndiyo iliyojua kuzichora. Kisha kompyuta ile ikafa. Nyimbo zilibaki kwenye flashi, lakini kila mashine tuliyoichomekea ilituonyesha vijisanduku vitupu mahali pa maneno. Bibi alikuwa ameshafariki. Baadhi ya nyimbo zake hata mama alikuwa amebaki na sauti tu, maneno yamempotea.

Kwa hiyo kanisa liliponunua kompyuta mpya kwa Ekai, mama aliomba kibali cha kutoka kambini kwenda kuichukua, na mimi akanichukua niwe mkalimani wake, kwa sababu Kiingereza cha kompyuta alikuwa hakijui. Kibali kilikuwa cha siku tatu. Tulifika dukani siku ya pili mchana, na basi letu la kurudi lilikuwa la kesho yake asubuhi. Mama alishaniambia kwamba hatoki pale kabla hajauona wimbo mmoja ukisomeka, maana Kakuma hatukuwa na mtu wa kutusaidia. Sidii ya ile programu ya zamani aliibeba kifuani, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa.

Ekai alikuwa Mturukana mnene, mcheshi, shati limemlowa jasho mgongoni. "Ejok, mama," alisalimia, kisha akaigonga kompyuta kwa kidole akiisifu. "Hii diski ni terabaiti mbili. Andika nyimbo mpaka Yesu arudi, haijai." Mama alicheka, jambo ambalo hakulifanya kwa watu asiowajua. Mimi nilikuwa nishaona mengine. Ekai alikuwa ametujazia humo filamu, mahubiri na katuni kama zawadi, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye katuni.

Sidii iliingia, ikanguruma, na nikasimama kwa vidole vya miguu ili nione vizuri. Pakatokea maneno mekundu. Mama akaniuliza, "Inasema nini?" Nikajibu kwa majivuno ya mtoto anayejua kusoma, "Inasema nafasi haitoshi."

Hapo uso wa mama ukajifunga. Alikizungusha kitambaa mkononi, akasimama, akaokota mkoba. "Kalas," alisema, neno la Kiarabu la kusema basi, yamekwisha. "Nafasi hakuna. Achol, twende."

Nilishangaa. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akibishana na wauza samaki mpaka wenyewe wanaomba radhi, na sasa anaondoka kwa neno la mashine. Nilimwonea aibu kidogo, nikubali tu. Nilidhani ni ushamba wa kompyuta.

"Ngoja kwanza, mama," Ekai alisema, akamsogezea kiti. "Kama shida ni nafasi, tunaongeza." Akaanza kufuta. Filamu zikaenda, mahubiri yakaenda, na katuni zangu zikaenda nikiziangalia, moja baada ya nyingine, macho yakiniwasha. Akairudia sidii. Mashine ikasema vilevile, nafasi haitoshi. Akafuta tena kila alichoweza kufuta, na jibu likawa lilelile. Ekai alianza kujikuna kichwa. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akihesabu kwa macho jua lilivyokuwa likisogea mlangoni.

Kwa hasira ya katuni zangu niliikodolea macho ile skrini, nikitafuta wa kulaumu. Chini ya maneno mekundu palikuwa na namba ndefu ya nafasi iliyopo, na mbele yake kuna kistari. Nilidhani ni uchafu, nikaufuta kwa kidole. Haukutoka.

Sasa, wiki ile ile shuleni mwalimu wetu alikuwa amechora mstari kwa chaki sakafuni, sifuri katikati, na kututembeza kinyumenyume mpaka tukaipita sifuri. Huku nyuma, alisema, namba zote zina kistari, na zote ni pungufu ya kutokuwa na kitu. Mimi nilianguka nikagonga dawati, kwa hiyo somo lile nililikumbuka vizuri.

"Mjomba," nikamwambia Ekai, "hiyo diski iko na nafasi chini ya sifuri. Inawezekana aje, na ni mpya?"

Ekai aliinama, akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akapiga paja akacheka mpaka muuza mandazi wa jirani akaja kuchungulia. Alitueleza akifuta machozi. Waliotengeneza programu ile waliishi wakati wa diski ndogo ndogo, wakaifundisha kuhesabu mpaka mahali fulani tu. Ikikutana na diski kubwa hivi, hesabu inapinduka, inaanguka upande wa pili wa sifuri. "Mama, nafasi si kidogo. Ni nyingi mpaka imeshindwa kuihesabu. Na mimi kila nikifuta nazidi kuichanganya."

Basi akafanya kama wanavyofanya kwao vitoto vya mbuzi vinapotengewa zizi dogo ndani ya zizi kubwa. Aliikata diski, akatenga kipande kidogo pembeni, akaielekeza sidii huko. Ikanguruma. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, nami nikaanza kurukaruka, na sikuambiwa nitulie. Mama akachomeka flashi kwa mkono wake mwenyewe.

Herufi zikaja. Mikia ipo, vitone vipo, kila kimoja juu ya mahali pake. Mama aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma polepole, na katikati ya mstari wa pili akawa haongei tena, anaimba. Ulikuwa wimbo wa bibi. Ekai alinunua mandazi ya kutosha watu kumi, tukala sote watatu, na muuzaji mwenyewe akiwa wa nne.

Miaka minne baadaye tulirudi Lodwar kunitafutia sekondari. Karani wa shule alifungua daftari, akatazama, akasema nafasi hakuna. Ndipo nilipoelewa siku ile dukani. Neno lile mama alikuwa amelisikia maisha yake yote ya kambi, kwa foleni ya matibabu, ya kusafirishwa ng'ambo, ya shule, kila mara kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti asiyeinua macho, na kila mara alikuwa amesimama akaokota mkoba. Hakuwa mshamba. Mimi ndiye niliyelitamka neno lile kwa mdomo wangu, tena kwa majivuno.

Niliokota mkoba ili nimpe. Hakuupokea. Alivuta kiti, akakaa vizuri, akaegemea meza na kumgeukia karani kwa Kiswahili chake.

"Mwanangu, angalia tena," alisema. "Saa ingine iko kistari."